Msichana Asiyejua Kusalimia

Jambo la kwanza tulilofundishwa kwa madam Kevina lilikuwa kutopiga magoti.

Ofisi yake ya kupeleka wasichana kufanya kazi za nyumbani Arabuni ilikuwa Arua Hill, katika moja ya zile nyumba za zamani zenye bomba la moshi juu ya paa, na sebule alikuwa ameigeuza darasa. Ukutani alibandika mashine ya kufulia aliyoichora mwenyewe kwenye kadibodi, vitufe vyake amevipaka rangi ya kucha. Tulivibonyeza kwa zamu. Madam Kevina alikuwa hajawahi kupanda ndege, lakini alitufundisha kufunga mkanda wa ndege kwa mshipi wa mume wake, na wasichana waliopita mikononi mwake walikuwa wamefika salama. Kilichomsumbua si mashine wala mkanda. Kilichomsumbua ni magoti yetu.

"Huko Arabuni mutu mukubwa anasalimiwa ukisimama," alituambia. "Macho iko kwa macho. Unasema jina, unasema kazi unajua, unanyamaza. Ukianza kuuliza habari ya mbuzi, visa imekwenda."

Mimi ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote. Kwetu Lurujo, upande wa Koboko, msichana akikutana na mtu mzima hupiga magoti kwanza, halafu huuliza. Umelalaje, watu wa nyumbani wamelalaje, watoto wazima, wanyama wazima, shamba linaendeleaje, mvua imefika kwenu. Mtu mzima hujibu moja moja, bila haraka, kisha naye huanza kuuliza. Mimi ni mtu wa haya. Maneno yangu mwenyewe hunikwama, lakini maneno ya salamu hayana shida, kwa sababu hakuna anayeyatunga. Yako tayari, ni kuyasema tu. Nikishayamaliza sina tena la kuongeza.

Paska, msichana wa kule Kuluva tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja, alinicheka kila siku. Alisema nikiulizwa jina nitajibu kwamba waulizwe wazazi. Hakukosea sana. Madam Kevina aliponijaribu, akaniuliza kama najua kupika, nilimjibu, "Kidogo." Akaniuliza kufua. Nikasema, "Najaribu." Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyojibu, hata kama amepika kwenye arusi za wilaya nzima, kazi ya kukusifu ni ya watu wengine. Madam Kevina akashika kichwa. Alisema mimi ndiye mfanyabiashara wa kwanza yeye kumwona akifukuza wateja.

Nilitaka kwenda kwa sababu ya mdogo wangu Zam.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Mama alianza kuumwa mgongo, akahitajika mtu wa kukaa nyumbani, na kwa kuwa walimu walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu, baba aliona shule haitapoteza kitu. Baba, mzee Isa, alikuwa askari miaka mingi, na mambo huyaamua kama yuko bado kambini: husema mara moja. Sasa Zam alikuwa anamaliza darasa la sita, na Zam ana maneno. Husoma kwa sauti mpaka mbuzi wanamgeukia. Baba alikuwa ameanza kusema kwamba mwaka huu ukiisha na yeye atarudi shambani, maana muhogo haujilimi.

Nilimwomba baba. Nilisema maneno machache, lakini kwa upande wangu yalikuwa mengi. Nikasema nikipata kazi nje, Zam nitamsomesha mimi. Baba akafikiri, akatoa amri: visa ikija kabla shule hazijafunguliwa mwaka mpya, Zam anaingia darasa la saba. Isipokuja, anashika jembe. Zam mwenyewe alisikia yote akiwa nyuma ya mlango. Hakulia. Alikuja kuniuliza kama huko kwa madam Kevina tunafundishwa pia kuzungumza.

Siku ya intavyuu yangu ilipofika, madam Kevina alifurahi, kwa sababu familia iliyopatikana ilikuwa ya Maskati, Omani, na ni watu ambao wazazi wao walitoka upande wa Zanzibar zamani, kwa hiyo Kiswahili wanakijua. Nami ninakijua kuliko wenzangu, maana ndiyo lugha ya jeshi, na baba alitulea nayo. Akaniweka kwenye kiti, akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa, akasimama pembeni akinionyesha kwa vidole viwili mahali pa kutazama.

Akatokea Madam wa huko, mwanamke wa makamo mwenye miwani na haraka. Anaitwa Thuraya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake, na nadhani ningeweza. Lakini kabla sijafungua mdomo simu ile ikageuzwa kidogo, na pembeni yake nikaona bibi kizee kwenye kiti kikubwa, ushungi mweupe, macho ameyafunika kwa miwani myeusi. Ni mama yake. Macho yake yalikuwa yamefanyiwa upasuaji na yalibaki kuona mwanga tu na vivuli.

Hakuna aliyeniandaa kwa ajili ya bibi kizee. Nilishtukia niko chini, magoti sakafuni, natazama miguu ya meza na viatu vya madam Kevina.

"Amekwenda wapi?" Madam Thuraya aliuliza. Simu ilikuwa inamwonyesha kiti na mashine ya kadibodi.

"Asalaam aleikum, bibi," nilisema kutoka chini. "Umelalaje?"

Halafu bibi akajibu kwamba amelala, alhamdulillahi, na akamuuliza bintiye mbona sauti yatoka chini. Bintiye akasema haoni mtu, kiti ni kitupu. Bibi akasema si kitupu, mtoto amepiga goti, mwache aendelee.

Nikaendelea. Watu wa nyumbani wamelalaje. Wajukuu wazima. Nikafika kwenye wanyama, nikasikia madam Kevina akivuta pumzi juu yangu, lakini salamu haikatwi katikati.

"Wanyama wazima, bibi?"

"Tulikuwa na ng'ombe, Pemba, nilipokuwa mdogo," akasema. "Mmoja mweusi, mkaidi."

"Mzima?"

"Atakuwa mzima," alisema taratibu. "Nani wa kumweza yule."

Kisha akaanza yeye kuniuliza, na mimi nikajibu moja moja, mpaka Madam Thuraya akasema muda wake umekwisha, anawahi kazini, na hajaniuliza hata swali moja la kazi. Angepiga tena Ijumaa.

Ijumaa akapiga, na bibi alikuwa ameshaketi anasubiri. Madam aliweza kuuliza umri wangu tu. Ijumaa iliyofuata hakuuliza chochote. Alimshikisha mama yake simu akaenda zake. Paska alifanya intavyuu yake siku hiyohiyo na watu wengine. Alitazama kamera kama mtu anayedai, akasema anajua kila kitu, hata vyakula ambavyo hajawahi kuvila, na kabla chai haijapoa alikuwa amechukuliwa. Aliniaga kwa huruma. Alisema intavyuu yangu mimi imekuwa ukoo.

Madam Kevina alichoka. Ofisi haiwezi kushinda inauliza habari za ng'ombe, alisema. Aliwapa watu wa Maskati namba yangu, akanirudisha nyumbani Lurujo nikaendelee kufanyiwa intavyuu huko.

Basi kila Ijumaa baada ya sala simu ilikuwa inalia, nami napiga magoti kando ya jiko la nje, simu mbele yangu juu ya kinu kilichogeuzwa. Baba aliketi karibu akisikiliza kama taarifa ya habari. Majirani nao walikuja. Hawakuwahi kuona mtu akifanyiwa intavyuu wiki baada ya wiki, wakakubaliana kwamba lazima kazi yenyewe ni kubwa, pengine ya ubalozi. Mtu mmoja alimleta binti yake aketi karibu nami aone jinsi inavyofanywa. Bibi alitaka kujua kila kitu: mvua, simsim ya shambani, mgongo wa mama, mbuzi aliyekataa mtoto. Alinieleza kuhusu mikarafuu ya kwao, na jinsi walivyoondoka akiwa msichana, na kwamba nyumba ya Maskati ni nzuri, ina hewa ya baridi kila chumba, na hakuna mtu anayemuuliza amelalaje kwa sababu wote wanajua kwamba amelala.

Na visa hakuna. Muhula wa mwisho ulikwisha. Zam akaleta ripoti yake, akampa baba kwa mikono miwili, na baba akaisoma yote, akaikunja, akasema ni ripoti nzuri, na kwamba amemtengenezea jembe lenye mpini mfupi.

Ijumaa ile nilisubiri salamu zimalizike zote, zangu na za bibi, ndipo nikasema neno langu mwenyewe. Nililisema nikiwa nimefumba macho. Nilimwomba bibi amwambie binti yake anipe ile kazi.

Bibi hakukasirika. Nilisikia feni au mashine fulani ikivuma nyuma yake.

"Usije, mwanangu," alisema. "Hapa msichana wa kazi hasalimii, huitwa. Wamepita wengi, na mimi mwenyewe nimewaita vilevile kama wote. Ukija nitakuita hivyo, sijui namna nyingine. Kaa huko huko uniulize habari za ng'ombe."

Baba, aliyekuwa amesikia yote, alisema huyo mama ni mtu wa heshima sana, na kwamba kesho tunaanza kulima upande wa mtoni, mimi na Zam.

Sikulima. Asubuhi nilipanda gari la Arua, nikamwendea madam Kevina. Nilimweleza kwa shida, akanielewa kwa shida, mpaka akacheka. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hii ameona wasichana wakikosa visa kwa ugonjwa, kwa mimba, kwa alama za vidole, lakini hajaona aliyekosa kwa kupendwa. Kisha akaacha kucheka. Akasema yule mama kizee si mdhamini wa visa. Mdhamini ni binti yake, na binti yake bado ana nyumba ya kufagiwa. Akampigia Madam Thuraya akamwomba nafasi moja, siku ambayo si Ijumaa, bila bibi.

Akanikalisha palepale penye kiti cha mwanzo. Safari hii aliisukuma meza mpaka ikanibana tumbo, magoti yangu yasiweze kwenda popote.

Madam Thuraya akatokea. Nilimtazama machoni. Sikumuuliza amelalaje. Nilisema, "Naitwa Hajara. Najua kupika. Najua kufua, kupiga pasi na kutunza wazee. Sichoki." Nikanyamaza. Masikio yalikuwa yananiwaka kwa aibu, nikaona madam Kevina akiitikia kwa kichwa, amefurahi.

Nyuma ya Madam nikasikia sauti ninayoijua, ikitoka chumba cha mbali, ikiuliza ni nani huyo.

"Msichana wa kazi, mama," Madam alijibu bila kugeuka.

"Hajui kusalimia," ilisema sauti.

Madam akainuka akafunga mlango. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini, na mara hii alikuwa na muda. Alisema mama yake hataki nije, na mama yake akisema hapana ni hapana. Lakini yeye anaona mambo mawili. Anahitaji mtu wa kazi, maana aliyekuwepo ameondoka. Na siku za Ijumaa baada ya simu yangu mama yake hula vizuri na halalamiki mpaka Jumapili. Nikipata kazi kwingine, simu hizo zitaisha. Kwa hiyo anaweza kunidhamini, kwa visa moja akapata yote mawili. Nitakuja, nitafanya kazi, na kila Ijumaa nitampigia mama yake kama niko kwetu. Ila bibi asijue kwamba ni mimi, kwa hiyo mbele yake nisiseme neno. Akijua, atalazimisha nirudishwe siku hiyohiyo. Na jina nalo halitafaa, kwa sababu Hajara ni jina la mama mkwe wake na haliwezi kuitwa jikoni. Nitaitwa Mariamu.

Aliniuliza kama nimekubali. Nilisema ndiyo, madam. Alinisifu kwamba leo nimejibu vizuri.

Visa ilikuja shule zikiwa bado zimefungwa. Baba alitimiza neno lake. Alimpeleka Zam mwenyewe siku ya kufungua, amevaa koti lake la zamani la jeshi. Siku ya kuniaga alisimama mbele ya watu akasema anashukuru, kwa sababu sasa huyu binti yake, huko duniani, atajifunza kusema.

Maskati nilifika kwa ndege, na mkanda niliufunga bila msaada. Mashine ya kufulia haikufanana na ile ya kadibodi, lakini kitufe cha kuwashia kilikuwa mahali palepale, na kwa hilo namshukuru madam Kevina. Ilikuwa katika chumba kidogo juu ya paa, mahali pa kuanikia nguo. Godoro langu lilikuwa palepale kando yake.

Siku ya kwanza niliingia chumbani kwa bibi na chai, na nilipomwona kwenye kile kiti chake magoti yakaanza kuteremka yenyewe. Madam alinishika kiwiko akanisimamisha. Bibi aligeuza uso upande wangu. Aliona kivuli kirefu.

"We," alisema. "Weka hapo."

Nikaweka. Hiyo ilikuwa namna aliyoniambia, na alifanya kama alivyosema. Sikuwa na la kulaumu. Nilijifunza kujibu kwa kichwa, na kwa kuwa hakuona kichwa, nilijifunza kugonga sinia mara moja kwa ndiyo. Wageni walipokuja Madam aliwaambia amepata msichana mtulivu sana, hana neno. Nilitamani baba asikie.

Ijumaa mchana Madam huenda kwa wakwe zake na watoto. Mimi hupanda juu ya paa. Kwanza nampigia Zam, aniambie kama mvua imenyesha Lurujo, mbuzi wakoje, mgongo wa mama umeamkaje, na amepata ngapi kwenye hesabu. Sipendi kumdanganya bibi kuhusu mvua. Halafu hupiga magoti mbele ya mashine, nampigia bibi, ambaye yuko chini yangu, ngazi mbili.

"Asalaam aleikum, bibi. Umelalaje?"

"Hajara wangu," husema. "Nimelala. Hiyo kelele ni ya nini?"

"Mashine ya kusaga unga, bibi. Leo ni siku ya soko."

Tukishamaliza watu na wanyama, bibi hupenda kunilalamikia kuhusu Mariamu. Wiki za mwanzo alisema chai yake haina tangawizi. Nikaanza kutia tangawizi. Wiki iliyofuata akasema chai imekuwa nzuri ghafla, lakini pilau yake ni ya watu wanaokimbia. Nikaipika taratibu. Akasema mito haipangwi inavyotakiwa, wa mgongo uko juu mno. Nikaushusha. Bibi alishangaa sana. Alisema huyo msichana ni bubu, lakini kila analolalamikia yeye siku ya Ijumaa, Jumamosi limekwishatengenezwa. Alifikiri ni Mungu.

Hivyo tukaenda mpaka Zam akawa karibu na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Ilikuwa Ijumaa, na Zam alikuwa ameniambia wamepigwa picha za kadi za mtihani, na kwamba zimebaki wiki chache tu. Nikampigia bibi nikiwa na furaha. Salamu zikaenda vizuri. Ng'ombe mweusi alikuwa mzima.

"Nimefikiri," bibi alisema. "Nilikosea kukukataza. Nitamwambia Thuraya akuletee visa."

Mashine ilikuwa inazungusha.

"Huyu wa hapa kazi yake sasa haina kasoro, lakini ni kama kuishi na kabati," aliendelea. "Namrudisha kwao mwezi huu. Njoo wewe. Nimeshaamua."

Nilijua bibi akiamua ni nini. Alikuwa na uamuzi kama wa baba. Nilijua pia kwamba nikirudishwa mwezi ule, Zam angeitwa shambani kabla ya mtihani, na mahali pangu angeletwa mtu mwingine. Nilifungua mdomo kusema kweli, nikaona ile kweli nayo inanirudisha, maana nimekuwa nikimdanganya. Basi nilikataa.

"Usinilete, bibi. Mwache huyo."

"Hutaki kuniona?"

"Nataka, bibi. Lakini huyo akirudi, kuna mtoto kwao ataacha shule."

"Umejuaje?"

"Wote wanaokuja huko wako na mtu nyumbani," nilisema. "Huyo si bubu. Pengine hajaambiwa kwamba anaruhusiwa kusema."

Bibi akafikiri. Nilisikia pete yake ikigonga mkono wa kiti. Kisha akasema sawa, kama ni hivyo, nimfundishe mimi kusalimia. Huyo naye ni wa upande wetu, atanielewa. Akasema nisikate simu, anamwita.

"We Mariamu," aliita, na niliisikia mara mbili, kwenye simu na kwenye ngazi. "Njoo uzungumze na mwenzako."

Niliilaza simu yangu juu ya mashine, nikaifunika kwa taulo, nikateremka. Madam hakuwepo wa kunishika kiwiko. Bibi alikuwa amenyoosha mkono na simu yake. Niliipokea, nikaiweka sikioni. Ndani yake nilisikia nguo zikizunguka.

"Haya, msikilize," bibi alisema. "Anakwambia nini?"

"Anasema nipige magoti," nilisema.

"Basi piga."

Nikapiga. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa chini ya kile kiti chake, karibu kiasi cha kuona mishipa ya miguu yake. Nikaishusha simu mapajani. Nikamuuliza amelalaje. Nikamuuliza watu wa nyumbani, wajukuu, macho yake, kama baridi ya chumba haimuumizi. Sikuuliza ng'ombe, kwa sababu Mariamu hawezi kujua habari za ng'ombe. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe.

Bibi aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wa huko kwenu sauti zenu ni moja," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Lakini yeye anasalimia vizuri zaidi. Wewe una haraka." Akapapasa mpaka akakipata kichwa changu, akakigonga kidogo kwa kidole chenye pete. "Si kitu. Umefundishwa leo tu. Hutarudi kwenu, utakuwa unanisalimia hivyo kila asubuhi, na Ijumaa nitamuuliza Hajara kama umeendelea."

Akaichukua simu yake, akaiweka sikioni kunishukuru. Nilikimbia ngazi mbili ili awepo mtu wa kumjibu.